Bouton ya "FUTA" kwenye site ya bima, na Mama aliyekataa kumfuta Baba

Wakuu, salaam kutoka Buja, huku kwa Warundi.

Leo sina siasa wala umbea wa mpira. Nina habari ya nyumbani kwetu, ya bouton moja, yaani kitufe cha kubonyeza, kwenye site ya serikali, na ya Mama yangu. Sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimegeuza kidogo, maana mji wetu ni mdogo na watu wana masikio.

Halafu mnivumilie kwa Kiswahili. Nyie wa Dar na Mombasa mkisikia sisi tunasema "mutu" mnacheka hadi mnashika mbavu. Chekeni tu, tumezoea. Nitajitahidi kuandika kile cha shule, ila Mama akiongea nitamwacha aongee chake.

Kwanza mjue kazi yangu, la sivyo hamtanielewa.

Niko kwenye timu ya site ya bima ya afya ya wafanyakazi wa serikali. Siandiki code. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya mtu anayetumia site, nikinyamaza, nikiangalia kidole chake kinaenda wapi na kinakwama wapi. Kidole kikikwama, naandika. Jioni naenda kumwambia Fiston, ambaye ndiye fundi wa code, na Fiston anakasirika. Ofisini wananiita Bwana Vidole.

Zamani ukitaka bon, yaani ile karatasi ya kukuruhusu kutibiwa, ulipanga foleni toka asubuhi na mgonjwa wako kaegemea ukuta. Siku hizi unaomba kwenye simu, bon inakuja.

Ikikubali.

Hilo "ikikubali" ndilo linalonilisha.

Mfano mmoja tu mcheke. Huku kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Baba anaweza kuwa Ndayizeye, mama Nininahazwe, mtoto Iradukunda, na wote wanalala nyumba moja kwa amani. Sasa site yetu ilipoanza ilikuwa na kisanduku cha "jina la familia", na jina la mtoto lisipofanana na la baba inakataa. Kuna mzee mmoja alijaza mtoto wa kwanza, ikakataa. Wa pili, ikakataa. Wa tatu, ikakataa. Akageuka akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Unanitazama nini? Iulize hiyo computer yako!"

Hilo tulilirekebisha haraka, kabla ndoa za watu hazijavunjika.

Turudi kwenye mada.

Chef wetu, yaani mkubwa wa ofisi, Madame Espérance, mama wa mtaa wa Carama, mkali lakini ana roho nzuri, alisema site isiwe ya Kifaransa na Kirundi tu. Wafanyakazi wengi wa serikali, madereva, mafundi, wanatoka kwenye familia za Kiswahili. Tukaweka Kiswahili. Aliyetafsiri alichukua maneno ya computer yaliyozoeleka. "Enregistrer" ikawa Hifadhi. "Suivant" ikawa Endelea. "Supprimer" ikawa Futa.

Safi kabisa. Hata nyie mngeandika hivyo hivyo.

Baba yangu, Saidi, alikuwa fundi wa magari kwenye garage ya serikali. Ndiye mwenye kadi ya bima, sisi wengine tulikuwa chini yake. Alikuwa mtu wa kelele kidogo. Akirudi kazini, begi la spana limening'inia begani, anaanzia kuita huku nje, barabarani, "Mwajuma! Mwajuma, chai ipo?" Mtaa wetu wa Cibitoke mzima unajua sasa Saidi kafika.

Siku ya kupigwa picha ya kadi alikwenda na Mama. Mama alimpigia pasi shati jeupe, akamfunga vifungo mwenyewe kama bwana harusi. Kufika ofisini wakaambiwa anaingia mwenye kadi peke yake, familia ikae nje. Mama akakaa nje. Baba alipotoka akamchukua moja kwa moja hadi Kajaga, ufukweni, wakala samaki wa mukeke wa kuchoma, wakaangalia ziwa hadi jua likaanza kuwachoma macho.

Siku hiyo Mama ameisimulia mara nyingi mno. Wageni wakija, lazima Kajaga itajwe.

Basi, Baba akatutoka. Aliugua kidogo tu. Wakuu, sitaelezea hapo, nikielezea sitamaliza uzi.

Mama akakaa eda. Mwenye kujua anajua: nyumbani, hatoki ila kwa dharura, hajipambi. Na mimi nikasema moyoni, alhamdulillah site ipo. Mjane aliye kwenye eda hatahitaji kwenda kupanga foleni kwenye ofisi za watu. Mambo ya bima atayamaliza akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Nilijiona mwerevu kweli.

Sasa Mama alikuwa na tatizo la macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limezidi. Daktari alishasema apasuliwe, na asikae sana. Wakati wa uhai wa Baba tulikuwa tunasema bado, bado, mwezi ujao. Eda ilipoisha hali ilikuwa mbaya. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Maandazi yake, ambayo mtaa mzima unayajua, yakaanza kutoka meusi. Siku moja nikamkuta anaongea na koti la Baba lililotundikwa mlangoni, akidhani ni mimi nimesimama pale. Nikakohoa. Akasema, "A, uko huko?" akacheka. Mimi sikucheka.

Nikaomba bon ya upasuaji kwenye site. Ikaandika: dossier, yaani faili, imesimama, mwenye kadi ameripotiwa kufariki. Ili mke achukue kadi kwa jina lake kama mjane, athibitishe mwenyewe, kwa simu iliyoandikishwa kwenye kadi, kwa kidole chake.

Nikasema hilo dogo. Nikapanda pikipiki hadi Cibitoke.

Nilimkuta Mama kwenye kiti chake na simu ya Baba mkononi, kaisogeza hadi karibu na pua. Ndipo nikajua kitu ambacho sikuwa nakijua. Kila siku baada ya magharibi alikuwa anafungua site yetu. Site ya bima, wakuu! Hakuna mtu duniani anafungua ile site kwa raha zake, hata mimi. Lakini ukifungua, juu kabisa inatokea picha ya mwenye kadi, na maneno: Karibu, Saidi.

Hiyo ndiyo alikuwa anaitazama. Kwa macho yale, picha ilikuwa ukungu tu mweupe na mweusi. Bado aliitazama.

Nikamwonyesha pa kwenda. Akabonyeza mwenyewe, pole pole, mi nikimsomea. Tukafika kwenye bouton nyekundu:

FUTA MWENYE KADI

Kidole kikakwama.

"Hiyo inasema nini?"

Nikamsomea tena. Nikasema, bonyeza tu Mama, ni lugha ya computer.

Akabonyeza kidogo, kwa woga. Ikatokea ile ya kuhakikisha: "Una uhakika unataka kumfuta Saidi? Hatua hii hairudi nyuma."

Mama akaweka simu mapajani, kioo kikitazama chini.

"Apana," akasema.

"Mama, ni neno tu."

"Idi, sikiliza. Mi nililia. Nilimuosha na mikono yangu. Nilikaa eda yote, sikuruka hata siku. Yote Mungu alisema nifanye, nilifanya. Kumufuta baba yako, hakusema."

"Hawamfuti yeye! Wanafuta jina kwenye kadi."

"Na jina ni ya nani?"

Nikanyoosha mkono nichukue simu nibonyeze mimi, tumalize.

"Hiyo kidole yako uirudishe," akasema. Hakupandisha sauti. Nikairudisha.

Wakuu, nilikasirika. Siwafichi. Nilimwambia macho yatakufa, nilimwambia Baba mwenyewe angekuwepo angebonyeza, nilimwambia mengi. Yeye akanijibu kwa utulivu kwamba akipofuka atajua amepofuka akiwa mke wa mutu, sio mke wa mutu aliyefutwa. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi siku nyingine. Na nyingine. Jibu lile lile, na sahani ya chakula ile ile.

Kuna jumapili alilala mchana, simu ikabaki kwenye meza. Nikaichukua. Mama anaona ukungu, hata asingejua. Code ya kuthibitisha ingeingia hapo hapo. Nikafungua.

Karibu, Saidi.

Mimi macho yangu ni mazima. Nikamwona Baba vizuri kabisa, na ile sura yake ya kujizuia kucheka mbele ya wakubwa. Nikasikia kabisa "Mwajuma, chai ipo?" kutoka barabarani. Nikaenda hadi kwenye bouton nyekundu. Kidole kikasimama juu yake, hakishuki.

Nikakaa hapo nakiangalia kidole changu mwenyewe. Nilimkumbuka Baba siku hiyo kuliko hata siku tuliyomzika, maana siku ya kuzika watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nahangaika na viti.

Nikairudisha simu mezani.

Kesho yake ofisini nikamwomba Fiston anitolee dossier zote za wajane na wagane zilizokwama. Zilikuwa nyingi, na nyingi zimeishia ukurasa ule ule. Mtu anafika, anasoma, anatoka. Anarudi siku nyingine, anasoma, anatoka. Sisi miaka yote tulikuwa tunasema ni network.

Nikaenda kwa Madame Espérance. Akasema, "Idi, supprimer ni neno la ufundi. Kila mutu anaijua."

Nikamwambia, "Madame, mzee wako alishafariki. Hebu njoo."

Nikamfungulia site ya majaribio. Pale kwenye "mwenye kadi" nikaandika jina la baba yake. Nikasukuma simu mbele yake, nikanyamaza, kama ninavyonyamaza kwa kila mtu.

Akasoma. Mkono wake ukatoka, ukarudi. Akasoma tena.

"Yoo," akasema. Akavua miwani.

Baadaye akaniuliza, "Nyie kwa Kiswahili munasemaje?"

Hapo tukakaa asubuhi nzima kwenye neno moja. "Amekufa" ni kali, hiyo ni ya mbuzi na ya betri. "Marehemu" ni nzuri, lakini ni jina la mtu, sio kitu unachokibonyeza. Nikamwambia msibani kwetu watu wanasema ametutangulia. Yaani kaenda mbele, na sisi tuko nyuma njiani. Akaitikia kwa kichwa. Akasema hata kwa Kirundi site imeandika neno la kufuta, na hakuna Mrundi anayemfuta mzazi wake, anasema "yitavye Imana", ameitika wito wa Mungu. Akaiandika kwa mkono wake.

Fiston akasema kubadilisha maneno ni dakika moja. Nikamwambia neno peke yake halitoshi. Nataka mtu akibonyeza, jina la aliyekwenda lisipotee. Lishuke chini ya ukurasa, na picha yake, na maandishi: "Kadi hii ilianzishwa na..." Hapo ndipo akanikasirikia. Akasema database haikujengwa hivyo, mara sijui table gani itavunjika. Nikamwambia avunje. Alinuna, lakini alifanya. Ilichukua muda, na kila siku ya muda huo nilikuwa nafikiria jicho la kulia la Mama.

Siku ilipokuwa tayari nilikwenda Cibitoke bila kupiga simu.

Tukakaa pale pale. Nikamsomea bouton mpya. Haikuwa nyekundu tena.

AMETUTANGULIA

Mama akalirudia neno polepole. Akasema, "Hiyo ni kweli."

Halafu, "Na jina lake itaenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa mfano. Inashuka hapa chini. Inakaa na picha. Haiondoki. Akanifanya nirudie, kama mtu anayenunua kitu sokoni.

Akasema Bismillah, akabonyeza.

Ukurasa ukageuka. Picha ya Baba ikashuka chini. Juu pakatokea maandishi makubwa, tuliyaweka makubwa kwa ajili ya wenye macho kama yake. Akasogeza simu kwenye pua, akasoma mwenyewe herufi moja moja.

Karibu, Mwajuma.

Akashtuka. "Mi?"

"Wewe ndiye mwenye kadi sasa."

Akaisoma tena kwa sauti. Halafu akaniambia kitu.

"Unajua, toka baba yako aende, hakuna mutu ameniita Mwajuma. Wote ni Mama Idi, Mama Idi. Hata shangazi zako. Ni yeye tu alikuwa ananiita."

Mimi mtoto wake, sikuwahi kulifikiria hilo. Akalia. Na mimi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Bon ikaja siku hiyo hiyo. Upasuaji ukaenda salama, jicho la kulia kwanza.

Siku walipomtoa bandeji nilikuwa naye. Alimtazama nesi, akatazama ukuta, akanitazama mimi akasema nimezeeka. Nikajua kapona. Njiani kote alikuwa anasoma mabango ya maduka kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi dereva wa taxi akaanza kucheka.

Kufika nyumbani, kabla hajavua viatu, akaomba simu ya Baba.

Akafungua site. Akashuka chini taratibu. "Kadi hii ilianzishwa na Saidi." Na picha.

Akaitazama. Muda mrefu. Nikawa nasubiri aseme jinsi alivyopendeza.

Akasema, "Kola."

"Kola imefanya nini?"

"Angalia kola yake! Upande huu imeingia ndani. Eh! Na walinikatalia kuingia. Mi ningalikuwa ndani, ningalimunyoosha."

Nikaangalia. Kweli. Mimi niliyeitazama picha ile kwa macho mazima sikuwa nimeona.

Akachukua ncha ya kitenge akafuta kioo cha simu. Halafu kidole chake kikaenda kwenye kola, kikawa kinaivuta nje, taratibu. Picha ikawa inasogea kidogo na kurudi, inasogea na kurudi. Akaendelea tu.

Wakuu, kazi yangu ni kuangalia vidole. Hicho sikukiandika popote. Nilitoka nje nikakaa uani hadi aliponiita kula.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi wa site tunadhani mtu akikwama hajui kusoma, au network, au simu yake mbovu. Wakati mwingine kaelewa vizuri kabisa, na ndiyo maana hawezi kubonyeza. Ukiandika neno kwenye bouton ya serikali, kumbuka kuna siku mjane atalisoma peke yake sebuleni. Andika lile ambalo ungemwambia usoni msibani.

Na nyie mliofiwa, kwenu huko walikuambieni mbonyeze nini? Leteni hapa, nitawapelekea Fiston na Madame. Wa kucheka Kiswahili changu nao wakaribie, kiti kipo.

NAONGEZA: Mmeniuliza kama Mama anajua nimeandika huu uzi. Nimemsomea wote. Amesikiliza hadi mwisho, hajakasirika. Amesema tu niwaambie nyie wote kwamba shati alilipiga pasi vizuri. Ni lile begi la spana begani ndilo lililoingiza kola ndani. Siku ile ya picha alimwambia Baba aliache nyumbani, hakusikia.